Namna ya kuchagua programu ya kuongoza kompyuta kwa mbali pale intaneti inapokuwa hafifu

KATIKA maduka ya Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Kongo hadi Msimbazi na Lumumba, kompyuta si pambo tena. Ndiyo inayotunza hesabu ya bidhaa, ndiyo inayotoa ankara, na ndiyo inayotumika kuandaa ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT), ambayo mfanyabiashara aliyesajiliwa hupaswa kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Kompyuta hiyo inapogoma tarehe 19 mchana, watu wanaoweza kuitengeneza mara nyingi hawapo dukani. Mhasibu yuko Mbagala na foleni imekwishaanza, fundi aliyeweka programu ya hesabu yuko Arusha, na mwenye duka mwenyewe yuko Guangzhou, China, alikokwenda kufuata mzigo. Anayebaki mbele ya kompyuta ni muuzaji, ambaye hakuajiriwa kwa kazi hiyo na ambaye akibonyeza pasipostahili anaweza kufuta hesabu za mwaka mzima.

Ufumbuzi wa tatizo hilo upo siku nyingi. Ni programu za kuongoza kompyuta kwa mbali, ambazo humwezesha mtu aliye sehemu moja kuona kioo cha kompyuta iliyo sehemu nyingine, kusogeza kipanya chake na kuandika kwa kibodi chake kana kwamba ameketi mbele yake. Kikwazo ni intaneti. Programu nyingi kati ya hizo hufanya kazi vizuri kwenye mitandao yenye kasi, lakini huwa mateso kwenye duka la ghorofa ya chini lenye modemu moja ya simu inayotumiwa na watu sita.

Makala haya yanaeleza namna programu hizo zinavyotofautiana, ipi inafaa kwa mazingira yapi, na mambo ya kuzingatia kabla ya kumkabidhi mtu mwingine kompyuta ya biashara.

Udhaifu wa intaneti uko wa aina mbili

Watu wengi husema intaneti iko chini bila kutofautisha mambo mawili. Jambo la kwanza ni wingi wa data inayoweza kupita kwa sekunde moja, ambao hupimwa kwa kilobiti au megabiti. La pili ni muda unaotumiwa na data kwenda hadi upande wa pili na kurudi, ambao hupimwa kwa milisekunde. Barabara inaweza kuwa pana lakini ndefu, na nyingine ikawa fupi lakini nyembamba.

Tofauti hiyo ilionekana wazi hapa nchini kabla ya Julai 2009, ulipozinduliwa mkongo wa baharini wa SEACOM jijini Dar es Salaam. Hadi wakati huo mawasiliano ya intaneti kwenda nje yalitegemea zaidi satelaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ishara ililazimika kupanda na kushuka wakati wa kwenda, kisha kupanda na kushuka tena wakati wa kurudi. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 140,000, na hata kwa kasi ya mwanga huchukua karibu nusu sekunde. Hapakuwa na fedha ambazo zingeweza kuifupisha, hata kwa aliyelipia kasi kubwa.

Mikongo ya SEACOM na EASSy, ambao ulifuata mwaka 2010, ilipunguza sana muda huo. Hata hivyo, mikongo nayo hukatika. Mei 12, 2024 mikongo yote miwili ilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi Afrika Mashariki. Aidha, hata mikongo ikiwa mizima, minara ya simu katikati ya jiji huelemewa saa za kazi, na kuta nene za majengo ya Kariakoo hupunguza nguvu ya mawimbi yanayofika ndani ya duka.

Kupima si kazi ngumu. Katika kompyuta ya Windows, mtu anaweza kufungua dirisha la amri, akaandika neno ping likifuatiwa na anwani ya tovuti anayoifahamu, kisha akasoma milisekunde zinazoonyeshwa. Zikiwa chini ya 150, kazi itakwenda vizuri. Zikizidi 300, kila herufi inayoandikwa itachelewa kuonekana, na msaidizi atahitaji subira. Ikiwa baadhi ya majibu hayarudi kabisa, tatizo ni upotevu wa data, na hilo huvuruga programu hizi kuliko kasi ndogo iliyo tulivu.

Hesabu ya kioo kimoja

Ili kuelewa kwa nini programu moja huganda na nyingine haigandi, ni vema kupiga hesabu ya kinachosafirishwa. Kioo cha kawaida cha kompyuta mpakato kina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa urefu, yaani nukta zaidi ya milioni moja. Kila nukta ikielezwa kwa biti 24 za rangi, picha moja ya kioo hicho ina zaidi ya megabiti 25.

Kwenye intaneti ya kilobiti 256 kwa sekunde, picha hiyo ikitumwa bila kubanwa itachukua karibu sekunde 98 kufika. Rangi zikipunguzwa hadi biti nane, muda hushuka hadi karibu sekunde 33. Kioo kikipunguzwa pia hadi nukta 1,024 kwa 768, muda hushuka hadi chini ya sekunde 25. Hiyo ni picha moja tu, wakati kazi ya kusaidia huhitaji kioo kibadilike kila mara.

Hivyo basi, hakuna programu inayotuma kioo kizima kila wakati. Zote hutuma sehemu iliyobadilika tu, na zote huibana kabla ya kuituma. Zinapotofautiana ni katika namna ya kutambua kilichobadilika, namna ya kukibana, na kile kinachofanyika pale barabara inapojaa. Hesabu hiyo pia inamwonyesha msomaji kwamba kupunguza rangi na ukubwa wa kioo huleta nafuu kubwa bila gharama yoyote.

Familia mbili za asili

Programu za kuongoza kompyuta kwa mbali zilianzia katika familia mbili kubwa. Ya kwanza ni VNC, iliyobuniwa katika maabara ya utafiti mjini Cambridge, Uingereza, ambayo ilikuwa ya kampuni ya Olivetti na baadaye ikawa ya AT&T. Maabara hiyo ilifungwa mwaka 2002, na baadhi ya watafiti wake wakaanzisha kampuni ya RealVNC. Kwa kuwa msimbo wake ulitolewa bure, kuna matoleo mengi, yakiwamo TightVNC, UltraVNC na TigerVNC.

VNC huichukulia kompyuta kama picha. Hutuma vipande vya picha vilivyobadilika bila kujali kama ni maandishi, kitufe au picha ya mandhari. Uzuri wake ni kwamba hufanya kazi karibu kwenye kila aina ya kompyuta. Udhaifu wake ni kwamba, kwa utaratibu wake wa asili, kompyuta inayoangaliwa husubiri kuombwa kabla ya kutuma picha mpya, hivyo pale milisekunde zinapokuwa nyingi, kila ombi huongeza kusubiri. TightVNC iliboresha hali hiyo kwa njia kali zaidi ya kubana picha, na kwa intaneti nyembamba ni afadhali kuliko VNC ya asili.

Familia ya pili ni RDP ya kampuni ya Microsoft, iliyoanza mwaka 1998 na toleo la Windows NT 4.0 la seva, na ambayo watumiaji wengi waliifahamu ilipowekwa katika Windows XP Professional mwaka 2001. RDP haitumi picha tu. Inaweza kutuma maelekezo ya kuchora, na hutunza vipande vilivyokwishatumwa ili visitumwe tena. Dirisha la programu ya hesabu, lenye maandishi na mistari, hupita kwa RDP kwa data kidogo kuliko kwa VNC.

Hata hivyo, RDP ina mambo mawili ambayo mfanyabiashara hupaswa kuyajua. Kwanza, matoleo ya Windows ya nyumbani hayakubali kuongozwa kwa RDP. Ni lazima yawe matoleo ya kitaalamu, na kompyuta nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu huja na toleo la nyumbani. Pili, msaidizi anapoingia kwa RDP katika kompyuta ya kawaida, kioo cha dukani hujifunga. Muuzaji haoni kinachofanyika, wala hawezi kuonyesha kosa lilipotokea.

Kwa maneno mengine, RDP inamfaa mhasibu anayetaka kufanya kazi yake mwenyewe kwenye kompyuta ya duka usiku. Haimfai anayetaka kumsaidia muuzaji huku wote wawili wakitazama kioo kimoja. Wengi huichagua kwa sababu ya wepesi wake, kisha hushangaa inapomfungia nje yule waliyetaka kumwelekeza.

Kikwazo cha anwani

Kuna kikwazo kingine kinachozifanya VNC na RDP kuwa ngumu kwa duka la kawaida. Zote mbili, kwa asili yake, humtaka msaidizi aijue anwani ya kompyuta anayoitafuta na aweze kuifikia moja kwa moja. Intaneti ya simu haiko hivyo. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, kama jengo lenye wapangaji mia moja na sanduku moja la barua. Anayepiga hodi kutoka nje hawezi kufika kwenye chumba anachokitaka.

Wapo mafundi wanaoshauri kufungua mlango kwenye ruta, yaani namba 3389 kwa RDP au 5900 kwa VNC, na kulipia anwani isiyobadilika. Ushauri huo ni wa hatari. Milango hiyo huchunguzwa wakati wote na programu za wahalifu duniani kote. Mei 2019 Microsoft ililazimika kutoa marekebisho ya haraka ya dosari ya RDP iliyopewa jina la BlueKeep, na uzito wake ulikuwa mkubwa kiasi cha kutoa marekebisho hata kwa Windows XP ambayo ilikuwa imekwishaachwa. Aidha, TightVNC haifichi mawasiliano yake, na nywila ya VNC ya asili huishia herufi nane.

Anayetaka kutumia RDP au VNC kati ya sehemu mbili anapaswa kuipitisha ndani ya mtandao binafsi, yaani VPN. Ikumbukwe kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watu na kampuni ambazo shughuli zao zinahitaji VPN kutoa taarifa za matumizi hayo kwa mamlaka hiyo.

Programu zinazotumia namba

Kutokana na kikwazo hicho, kundi la tatu la programu ndilo linalotumika zaidi. Hapa kompyuta zote mbili huwasiliana na seva ya kampuni husika, na kila moja hupewa namba. Msaidizi huhitaji namba hiyo tu, pamoja na idhini au nywila. Seva hujaribu kuzikutanisha kompyuta hizo moja kwa moja, na ikishindikana hupitisha mawasiliano yote ndani yake.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kwa mtu wa Dar es Salaam. Kompyuta mbili zilizo Kariakoo na Mwenge, zikikutana moja kwa moja, zinaweza kuwasiliana kwa milisekunde chache. Zikishindwa, kila kinachobonyezwa kinaweza kusafiri hadi seva iliyo bara jingine na kurudi. Programu inapokuwa nzito leo wakati jana ilikuwa nyepesi, mara nyingi sababu ni hiyo.

TeamViewer, ya kampuni iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2005, ndiyo inayofahamika zaidi miongoni mwa mafundi. Ni rahisi kueleweka na ina chaguo la kutanguliza kasi badala ya ubora wa picha. Toleo lake kamili ni faili la makumi ya megabaiti, jambo linaloweza kuwa kikwazo iwapo linapaswa kupakuliwa siku ya tatizo lenyewe. Matumizi ya bure ni ya binafsi tu, na programu ikihisi matumizi ya biashara huweza kukata mawasiliano katikati ya kazi. Duka ni biashara, hivyo hilo si jambo la kulibahatisha tarehe 20.

AnyDesk, iliyoanzishwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2014, ilijengwa kwa mfumo wake wa kubana picha uitwao DeskRT, na kampuni hiyo inadai kuwa programu yake hutumika hata kwenye kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde. Faili lake ni la megabaiti chache na linaweza kuendeshwa bila kusakinishwa, hivyo muuzaji anaweza kulipokea hata kwa flashi. Nayo haitoi toleo la bure kwa biashara.

Ni vema kujua kwamba AnyDesk isiposakinishwa, kila Windows inapouliza kama programu iruhusiwe kufanya mabadiliko, msaidizi huona kioo kimeganda. Hakijaganda. Ni muuzaji anayepaswa kubonyeza kukubali. Dakika nyingi hupotea kwa pande zote mbili kusubiriana kwa sababu hiyo.

Chrome Remote Desktop ya Google ni ya bure. Huhitaji kivinjari cha Chrome na akaunti ya Google, na kwa kusaidia mtu hutumia namba yenye tarakimu 12 inayotumika mara moja. Kila baada ya dakika 30 humuuliza mwenye kompyuta kama anataka kuendelea, hivyo muuzaji asiondoke. Mtumiaji hana nafasi kubwa ya kurekebisha ubora wa picha kwa mkono. Zaidi ya hayo, huduma za Google zimezuiwa nchini China, kwa hiyo mwenye duka aliye Guangzhou asiitegemee programu hii hata kidogo.

Quick Assist ni ya Microsoft na ilianza kupatikana katika Windows 10 mwaka 2016. Faida yake ni kwamba katika Windows za karibuni kwa kawaida ipo tayari, hivyo haimlazimu muuzaji kutafuta chochote kwenye intaneti. Msaidizi huhitaji akaunti ya Microsoft, na anayesaidiwa huhitaji msimbo mfupi tu anaosomewa kwa simu. Wote hutazama kioo kimoja. Kwa duka ambalo pande zote mbili zina Windows na tatizo ni la mara moja moja, hii ndiyo ya kujaribiwa kwanza.

RustDesk ni programu huria ambayo msimbo wake uko wazi kwa umma. Upekee wake ni kwamba mtu anaweza kuweka seva yake mwenyewe. Fundi anayehudumia maduka 20 anaweza kuikodi seva ndogo iliyo karibu, akaepuka safari ya kwenda bara jingine, na asitegemee masharti ya kampuni ya kigeni. Huhitaji mtu anayejua kuitunza seva hiyo, kwani iliyoachwa bila matunzo ni mlango wazi.

Kwa muhtasari, muuzaji na msaidizi wenye Windows waanze na Quick Assist. Intaneti ikiwa nyembamba mno na biashara ikiweza kulipia, AnyDesk ni chaguo jepesi. Fundi mwenye wateja wengi aiangalie RustDesk. Mhasibu anayefanya kazi peke yake usiku, na ambaye ana VPN, atafaidika na RDP. Kwa anayesafiri kwenda China, programu yoyote ijaribiwe na mtu aliyekwishafika huko kabla ya mwenye duka kupanda ndege.

Aidha, ni vema kuwa na programu ya pili ya akiba. Januari 2014 kampuni ya LogMeIn ilisitisha huduma yake ya bure iliyokuwa ikitumiwa na watu wengi duniani, na walioitegemea peke yake walilazimika kulipa au kuhama kwa haraka.

Kupunguza mzigo

Programu yoyote itakayochaguliwa, matokeo hutegemea pia maandalizi. Picha ya mandhari ya kioo iondolewe na ibaki rangi moja. Ukubwa wa kioo upunguzwe. Rangi zipunguzwe pale programu inaporuhusu. Sauti, uchapishaji wa mbali na usafirishaji wa mafaili vizimwe. Katika AnyDesk na TeamViewer lichaguliwe chaguo linalotanguliza kasi.

Kisha zifungwe programu nyingine zote zinazokula intaneti ya duka, ikiwa ni pamoja na video za simu zilizounganishwa kwenye modemu hiyo hiyo. Windows ielezwe kuwa intaneti hiyo ni ya kulipia kwa kipimo, ili isianze kupakua marekebisho katikati ya kazi.

Maelekezo yatolewe kwa simu ya kawaida, si kwa sauti ya ndani ya programu. Msaidizi ajizuie kusogeza madirisha na kuviringisha kurasa ndefu, kwani kila msogeo hubadilisha kioo kizima. Pale inapowezekana atumie vitufe vya kibodi badala ya kipanya. Asibonyeze mara ya pili kwa sababu ya kutoona jibu, kwa kuwa mibonyezo yote miwili itafika, na wa pili unaweza kuangukia kitufe cha kufuta.

Gharama ya bando nayo ihesabiwe. Mawasiliano yenye wastani wa kilobiti 100 kwa sekunde hutumia megabaiti 45 kwa saa. Yakifika kilobiti 500, hutumia megabaiti 225. Kabla ya kuanza, pande zote mbili zihakikishe bando lililobaki linatosha, kwani kukatika katikati ya kurekebisha faili la hesabu ni kubaya kuliko kutokuanza.

Yapo pia matatizo yasiyohitaji programu hizi kabisa. Ujumbe wa kosa unaweza kupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp kwa kilobaiti mia kadhaa tu. Fundi mzoefu akiona picha hiyo huweza kutoa jibu kwa dakika mbili.

Usalama na sheria

Anayeongoza kompyuta kwa mbali anaona kila kitu: bei za manunuzi, majina ya wateja, barua pepe na akaunti za benki zilizoachwa wazi. Kwa sababu hiyo, programu hizi zimekuwa chombo kinachopendwa na matapeli. Februari 2019 Benki Kuu ya India ilitoa tahadhari juu ya matapeli waliokuwa wakiwashawishi wateja wa benki kusakinisha AnyDesk kwenye simu zao. Mei 2024 Microsoft ilitangaza kuwa kundi la wahalifu lilikuwa likiitumia Quick Assist kuingia kwenye kompyuta za kampuni, wakijifanya watoa msaada.

Kampuni zenyewe hazikusalimika. Februari 2024 AnyDesk ilitangaza kuwa mifumo yake ilivamiwa, na Juni 2024 TeamViewer ikatangaza uvamizi katika mtandao wake wa ndani wa ofisi, huku ikisema kuwa mfumo unaohudumia wateja haukuguswa. Hii haina maana kwamba programu hizo zisitumike. Ina maana kwamba zipakuliwe kutoka kwenye tovuti za wenyewe tu, zihuishwe, na nywila zibadilishwe.

Kanuni ya msingi ni moja. Msaada huanzishwa na anayeuhitaji, si na anayeutoa. Mtanzania aliyekwishapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anaufahamu mtego huo. Huu ni ule ule, isipokuwa unaombwa namba ya kompyuta badala ya fedha. Mtu asiyejulikana akipiga simu akidai ni wa TRA, wa benki au wa kampuni ya simu, na akataka asomewe namba ya AnyDesk au akatoa msimbo wa Quick Assist ili uandikwe, simu ikatwe. Namba zinazotumiwa kwa utapeli zinaweza kuripotiwa kupitia 15040.

Wakati wa msaada, muuzaji abaki mbele ya kioo na ajue mahali pa kubonyeza ili kukata mawasiliano. Namba ya siri ya pesa za simu au ya benki isiandikwe huku mtu mwingine akitazama. Msaada ukimalizika, programu ifungwe. Ruhusa ya kuingia wakati wowote bila kuulizwa apewe mtu mmoja anayefahamika, kwa nywila ndefu na uthibitisho wa hatua mbili, na iondolewe siku fundi huyo anapoacha kazi.

Kisheria, kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kadhalika, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamgusa mwenye duka anayetunza majina na namba za simu za wateja. Akimfungulia fundi kompyuta yenye taarifa hizo, wajibu wa kuzilinda unabaki kwake. Makubaliano mafupi ya maandishi kati ya duka na fundi ni kinga kwa pande zote mbili.

Jaribio lifanyike mapema

Programu nzuri isiyojaribiwa haina tofauti na jenereta isiyo na mafuta. Ni vema mwenye duka apange siku ya kawaida, saa tano asubuhi wakati Kariakoo imejaa na mitandao imeelemewa, ajaribu programu mbili kwa dakika kumi kila moja. Msaidizi afungue programu halisi ya hesabu, aandike sentensi moja, afungue ripoti moja, kisha aseme ipi imemruhusu kufanya kazi bila kukisia.

Itakayoshinda isakinishwe kwenye kompyuta zote za duka, na faili lake litunzwe kwenye flashi. Muuzaji aoneshwe namna ya kuifungua na kuifunga, na maelekezo yaandikwe kwenye karatasi karibu na kompyuta, bila nywila. Kama kompyuta hutakiwa kuingiwa usiku, irekebishwe ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, vinginevyo msaidizi atakuwa akiitafuta mashine iliyozimika.

Hatimaye, nakala ya akiba ya hesabu za duka itunzwe nje ya kompyuta hiyo kila siku. Msaada wa mbali unaweza kurekebisha mpangilio ulioharibika na kumwelekeza muuzaji aliyekwama, lakini hauwezi kuzirudisha hesabu zilizofutika kama hazikuwekewa nakala.